Jicho Hutangulia Mkono

Wiki ya tatu ya kujifunza kusuka ukili wa mkeka ni ngumu kuliko ya kwanza. Wiki ya kwanza mtu hucheka miyaa ikimponyoka vidoleni, akajisamehe kwa kuwa ni mgeni. Ya tatu anauinua ukili wake mwenyewe, anaona ulivyopinda upande mmoja, anaona matundu pale alipounga mwaa mpya, na moyo unamwambia: hii si kazi yako, waachie wenyewe.

Hapa Utange, Mombasa, nimewaona wengine wakiacha papo hapo, na mimi nilikaribia. Nimefundisha watu wazima kwa miaka mingi na nilidhani hali hiyo naifahamu. Nilikuja kuifahamu sawasawa nilipokaa barazani kwa jirani yangu, bibi aliyesuka mikeka tangu utotoni, nikaomba anifundishe.

Kinachotokea ni kwamba jicho na mkono havijifunzi kwa mwendo mmoja. Jicho huhitaji wiki chache tu kutambua ukili ulionyooka na uliolegea. Mkono huhitaji miezi kujua ukaze kiasi gani, na mwaa wa kushoto upite chini ya upi bila kuhesabu. Katikati ya hayo mawili pana kipindi ambacho mtu anaziona kasoro zake zote na hana uwezo wa kuzirekebisha. Wanafunzi wengi hukiita kipindi hicho kukosa kipaji. Mimi nakiita kuiva kwa jicho, na huwaambia wanafunzi wangu waziwazi kwamba wakianza kuichukia kazi yao ya juzi, wamepiga hatua.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo analiweza. Alisema imani hiyo hutoka pande nne: kufanikiwa kwa mkono wako mwenyewe, kumwona mwenzako akifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na namna unavyoisoma hali ya mwili wako, kama jasho la viganja na mapigo ya moyo. Sisi hukimbilia la tatu. "Utaweza tu, mama." Maneno hayo ni mazuri, lakini hudumu mpaka ukili upinde tena. Lenye nguvu zaidi, alisema Bandura, ni la kwanza, ndiyo maana anayeanza apewe kazi ndogo inayomalizika: kawa ya kufunikia chakula, wala si mkeka wa kitanda.

La pili nalo lina siri yake. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wasichana wa sekondari waliojifunza kurusha vishale ubaoni. Baadhi walionyeshwa mtu asiyekosea hata kidogo. Wengine walionyeshwa mtu aliyekosea mwanzoni, akajirekebisha kidogo kidogo. Hao wa pili ndio waliorusha vizuri zaidi na kujiamini zaidi. Ukimtazama bingwa tu, unauona umbali ulio baina yenu, na njia ya kuuvuka huioni.

Hilo wachongaji wa Changamwe wanaliishi. Historia ya uchongaji wa vinyago vya kuuza miongoni mwa Wakamba hurudishwa kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikwenda kule kwa sababu ya vita, na alijifunza akiwa mtu mzima. Aliporudi aliwafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1963 ukaanzishwa ushirika wa Akamba hapo Changamwe, bara ya Mombasa. Anayejifunza katika karakana kama zile hukaa chini kando ya mkubwa wake, akisugua kwa msasa kazi ya mwenziwe kabla ya kushika tezo. Akiwa hapo huona pembe ya swara ikivunjika mikononi mwa fundi, na huona fundi yuleyule akikigeuza kipande na kutafuta umbo jingine ndani yake.

Tena hata mafundi walirudi kuwa wanafunzi. Muhugu, mti waliouzoea kuuchonga, ulipoadimika kwa kukatwa mno, katika miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini, mti uliojaa majumbani kwetu. Mkono uliouzoea mti mmoja ilibidi uulize upya njia ya mti mwingine. Hilo hunifariji kuliko sifa yoyote.

Bibi hakuwahi kuniambia kwamba nitaweza. Jioni moja alisimamisha mkono, akautazama ukili wake, akaanza kuufumua, karibu dhiraa nzima.

"Una nini, bibi? Mbona mzuri?"

"Mwaa umepita juu ya miwili. Tazama hapa."

Nilitazama. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake muda wote na sikuona. Akanisogezea kile kipande nikifumue mwenyewe, kutoka pale alipokosea hadi mwisho, na nilipofika alinionyesha namna ya kuulowesha mwaa usikatike ukirudishwa. Tangu siku hiyo nafumua bila aibu.

Vipande vyangu vya mwanzo nimevihifadhi, kila kimoja na fundo la wiki yake. Cha wiki ya tatu kimepinda kama njia ya mbuzi. Sasa naunganisha ukili wa wiki ya kumi na mbili, na bibi yuko kwenye taraza ya mkeka wake. Ukipita jioni utatukuta barazani.