Pesa ya Manifoldi Iko Kwenye Vipimo

Katika soko la Marekani la vipuri vya magari ya kasi, manifoldi ya kuingizia hewa ni bidhaa ya ajabu kidogo. Ni chemba, mirija inayoelekea kwenye silinda, na bapa la kuifungia kwenye injini. Alumini yake haigharimu sana, lakini mteja anayetaka ya kwake peke yake hulipa fedha nyingi. Anachonunua ni vipimo.

Biashara hii ina mizizi California. Mwaka 1938 Vic Edelbrock, mwenye gereji, alibuni manifoldi ya Slingshot kwa injini ya Ford V8. Gereji ikazaa kiwanda, na wengine wakafuata njia hiyo. Mwaka 1963 watengenezaji wa vipuri hivyo waliunda chama chao, SEMA, ambacho leo huandaa maonyesho makubwa kila mwaka Las Vegas.

Viwanda vikubwa humimina alumini kwenye kalibu na kuuza muundo mmoja kwa wateja wengi. Karakana ndogo humpata yule ambaye bidhaa ya kiwanda haimfai: amehamishia injini kwenye gari jingine, ameweka tabochaja kubwa, au nafasi chini ya boneti haitoshi.

Kwa mteja huyo, kazi huanza kwa hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya hewa hufunguka mara 50 kwa sekunde. Kila mzunguko wa valvu huzalisha mawimbi ya mgandamizo yanayokwenda na kurudi mrijani. Urefu ukiwa sahihi, wimbi hufika valvu ikiwa wazi na kusukumia hewa zaidi ndani. Mrija mrefu huipa injini nguvu kwenye mzunguko wa chini. Mfupi huipa kwenye mzunguko wa juu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni gari litaendeshwa wapi.

Kisha unakuja moto. Bapa hukatwa kwa mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, na kufungwa kwa bolti kwenye chuma kinene kabla ya kuchomelewa kwa TIG, yaani kwa umeme na gesi, kwani joto huipinda alumini, na bapa lililopinda huvujisha hewa. Chemba yenye umbo baya ni hatari zaidi: silinda moja hupata hewa zaidi kuliko nyingine, mafuta yake hayatoshi, na pistoni inaweza kuyeyuka. Hasara hiyo huipita mbali bei ya manifoldi.

Sheria nayo hubana. California kwa kawaida hairuhusu kipuri cha aina hii kwenye gari la barabarani bila kibali cha CARB, bodi ya jimbo ya usafi wa hewa. Gharama za kupimwa hubebeka kwa anayeuza maelfu. Anayetengeneza moja moja hubaki na magari ya mashindano.

Injini za Japani zinazopendwa na karakana hizo ndogo za Marekani, kama ukoo wa Toyota JZ, zimo pia kwenye Mark II na Crown za Afrika Mashariki. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anayechomelea alumini vizuri anayo nusu ya biashara. Aongeze hesabu na upimaji kwenye dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini, na aviandike kwenye ankara kama kazi inayojitegemea. Mteja naye adai chati ya nguvu kabla na baada. Bila chati hiyo, amelipia bomba zuri tu.