Video Iko Kwenu Tayari, Mbona Mnailipia Mara Nne?

Ukishateka maji kisimani na kuyatia mtungini, je, kila mtoto akiona kiu utarudi kisimani? La, utachota mtungini. Lakini vikundi vyetu vingi vikipata televisheni ya kushika intaneti, vinarudi kisimani kila siku, na kila safari inalipiwa.

Kikundi kimoja cha kina mama wafugaji nilichotembelea kilikuwa na kompyuta ya hesabu, televisheni ya kisasa na rauta. Walikuwa wakitazama video ya nusu saa juu ya kutengeneza saileji ya ng'ombe wa maziwa. Waliitazama mara nne, maana kuna waliochelewa, na kuna waliotaka kuona tena pale pa kushindilia majani. Mwisho wa mwezi pesa za bando zilikuwa zimepita zile walizotenga. Basi maneno yakaanza, ati mweka hazina amekula. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Tulikaa chini tukahesabu. Video ya nusu saa yenye picha nzuri inaweza kuwa na MB 500 hivi. Mara nne ni MB 2,000, yaani GB 2. Hakuna aliyekula pesa. Walikuwa wakinunua kitu kile kile kila mara.

INAVYOFANYA KAZI

Fikirieni boma. Kompyuta ni ghala: humo ndimo video imewekwa. Televisheni ni mgeni anayeagiza chakula. Rauta ni njia ya ndani ya boma, kutoka ghalani hadi kwa mgeni. Televisheni ikiomba video, kompyuta huituma vipande vidogo vidogo mfululizo, na televisheni huonyesha kila kipande kinapofika.

Intaneti ni barabara ya nje ya lango. Video ikiwa tayari ghalani, hakuna haja ya kutoka nje. Kwa hivyo hata bando ikiisha, mradi rauta ina stima, video itaendelea. Wengi wetu tunadhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Wi-Fi ni ya ndani ya boma, na haiuzwi kwa MB.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 makampuni ya vifaa yalianzisha umoja uliokuja kuitwa DLNA, ili televisheni ya kampuni moja ielewane na kompyuta ya kampuni nyingine. Umoja huo ulifungwa mwaka 2017, lakini televisheni nyingi bado zinaijua lugha hiyo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pakueni video mara moja tu, na muiweke kwenye kompyuta. Chagueni zile ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe. Shirika la Access Agriculture, kwa mfano, lina video za wakulima, na kati yake ziko za Kiswahili.

2. Fungueni folda moja, muiite MAFUNZO. Wekeni video zote humo.

3. Wekeni kwenye kompyuta programu ya kugawa video. Jellyfin ni ya bure, na imekuwako tangu mwaka 2018. Ionyesheni ile folda ya MAFUNZO, kisha mchague neno la siri.

4. Unganisheni kompyuta na televisheni kwenye rauta ile ile.

5. Kwenye televisheni wekeni programu ya Jellyfin, kama televisheni yenu inaikubali. Hapa mtahitaji intaneti kidogo, mara moja tu. Andikeni anwani ya kompyuta, kisha nukta mbili na nambari 8096, kwa mfano 192.168.1.10:8096. Video zenu zitajipanga kwenye kioo.

IKIKATAA

Picha ikikwama-kwama, sogezeni rauta karibu. Kuta nene hudhoofisha Wi-Fi. Waya wa mtandao ni bora zaidi, na unaweza kufika mita 100.

Sauti ikisikika bila picha, huenda televisheni haielewi aina ya faili. Video za MP4 zilizotengenezwa kwa H.264 hukubaliwa na televisheni nyingi.

Televisheni isipoiona kompyuta, angalieni kama kompyuta imelala. Ghala likifungwa, mgeni hapati kitu.

JIHADHARINI

Kompyuta ya kikundi mara nyingi ndiyo yenye daftari la mikopo na majina ya wanaodaiwa. Mkigawa kompyuta nzima badala ya folda moja, yeyote aliye kwenye Wi-Fi yenu anaweza kuyaona. Njia ya DLNA mara nyingi haiulizi neno la siri. Kwa hivyo gaweni folda ya MAFUNZO peke yake, na neno la siri la rauta lisiandikwe ukutani.

Tena, msikimbilie kununua. Kama televisheni yenu haina mtandao lakini ina tundu la HDMI, waya mmoja kutoka kwa kompyuta unatosha. Kama mna video moja tu, ibebeni kwa flashi. Njia hii ya rauta inafaa mkiwa na video nyingi, zinazotazamwa mara kwa mara na watu tofauti.

Wale kina mama sasa hupakua mara moja kwa mwezi, na mweka hazina huandika daftarini: jina la video, ukubwa wake, na pesa zilizotumika. Kila memba anaweza kusoma. Maneno yamekwisha, na saileji wameishindilia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwezi uliopita tulitumia pesa ngapi kwa bando? Ni video zipi tulizirudia?

2. Je, vifaa tulivyo navyo vinatosha kabla hatujanunua vingine?

3. Ni nani atakayetunza folda ya MAFUNZO, na ni nani atakayemkagua?