Vyombo Vipya Darasani: Tuanzie Wapi?



"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Sote tuliosoma shule za huku tunaujua wimbo huo. Tuliuimba tukiwa wadogo, na watoto wetu wanauimba hadi leo. Shida ni kwamba haumwambii mwalimu lolote. Aliyeelewa anaitikia, asiyeelewa anaitikia, na hata yule anayesinzia kule nyuma anaitikia.

Makala haya yametokana na swali tuliloulizwa na mwalimu mmoja wa Gredi ya 5. Darasa lake lina watoto 60. Akiuliza swali, mikono inayoinuka ni ile ile sita ya kila siku. Wazazi walikuwa wamechanga pesa, wengine hata wakauza kuku, na kamati ilitaka kununua projekta. Mwalimu akatuuliza: "Hii projekta itawaamsha hao wengine 54, ama tutakuwa tumenunua sinema?"

Swali hilo si dogo. Pesa za mchango zikishatumika hazirudi. Mtoto naye akikaa kimya mwaka mzima, mwaka huo pia haurudi. Kwa hivyo tulisoma, tukauliza wenye kujua, kisha tukaenda kukaa nyuma ya darasa lake. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tulianza zamani

Vyombo vya kufundishia si jambo geni kwetu. Mapema katika miaka ya 1980, hapa Kenya, kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini. Mbinu yake ilikuwa imejaribiwa kwanza huko Nicaragua kuanzia mwaka wa 1974, kwa somo la hesabu. Mwaka wa 2016 serikali yetu ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Halafu mwaka wa 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona, masomo yalipitia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, hadi shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021.

Ile redio ya miaka ya 1980 ina funzo moja kubwa. Haikuwa ikiongea mfululizo kama taarifa ya habari. Iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, kisha ikawapa jibu sahihi. Yaani mtoto hakuketi tu kusikiliza. Alikuwa na kazi ya kufanya.

Shika hilo, msomaji, kwa maana mengine yote yanatoka hapo. Kifaa kinasaidia pale kinapomfanya mtoto afikiri na ajibu. Kikimwacha atazame tu, hata kiwe cha bei gani, yule wa kiti cha nyuma atabaki pale pale.

Kadi za katoni

Eric Mazur ni mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wanafunzi wake walikuwa wakipita mitihani vizuri. Lakini alipowapa maswali mepesi ya kuonyesha kama wameelewa mambo ya msingi, wengi walikwama. Kumbe walikuwa wamekariri tu! Mwaka wa 1991 akaanza njia nyingine, na njia hiyo yaweza kufanywa katika shule yoyote ya hapa kwetu. Iko hivi:

1. Fundisha jambo moja kwa muda mfupi, halafu andika ubaoni swali lenye majibu A, B na C. Yale majibu ya makosa yawe ni makosa ambayo watoto huyafanya kweli.

2. Kila mtoto afikirie peke yake, bila kuongea.

3. Wote wajibu kwa pamoja, kila mmoja akionyesha herufi aliyochagua.

4. Hesabu. Ikiwa waliopata ni wachache sana, chini ya 30 kwa kila 100, rudia kufundisha kwa njia nyingine. Ikiwa ni zaidi ya 70 kwa 100, eleza kidogo na uendelee mbele. Wakiwa katikati, kila mtoto amgeukie jirani aliyejibu tofauti, wajadiliane kwa dakika mbili tatu, kisha wajibu tena.

Katika darasa la watoto 60, chini ya 18 ni kurudia, zaidi ya 42 ni kuendelea, na katikati ni kujadiliana.

Vyuo vyenye uwezo hutumia vifaa vya umeme ambavyo mwanafunzi anabonyeza na jibu linaonekana kwenye kompyuta ya mwalimu. Lakini mwalimu mwingine wa fizikia, Nathaniel Lasry wa Kanada, aliwalinganisha waliotumia vifaa hivyo na waliotumia kadi za kawaida. Matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2008: wanafunzi wa pande zote mbili walijifunza sawasawa. Kilichowasaidia ni ile njia ya kufikiri, kujibu na kujadiliana. Vifaa vilimrahisishia mwalimu kuhesabu na kuweka rekodi.

Tuliyoyaona

Mwalimu wetu aliwaambia watoto walete katoni kuukuu za sabuni. Wakazikata kadi, kila mmoja tatu, wakaandika A, B na C kwa makaa. Gharama ikawa sufuri.

Siku tuliyofika aliandika hivi: "Kipande kipi cha chapati ni kikubwa? A: 1/3. B: 1/5. C: Ni sawa." Tulipohesabu kadi, waliochagua A walikuwa 23 tu. Wengi walionyesha B, kwa sababu 5 ni kubwa kuliko 3. Na hawa ndio wale wale walioitikia "Ndiyooo" wiki iliyotangulia! Mwalimu alituangalia, akatikisa kichwa.

Hakuwapa jibu. Aliwaambia wageukiane. Darasa likavuma kama mzinga. Msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye mwalimu alisema hajawahi kuinua mkono tangu muhula uanze, tulimsikia akimbishia jirani yake: "Wewe, sisi kwetu tuko saba. Chapati ikigawiwa wengi, kila mtu anapata kidogo!" Kadi zilipoinuliwa mara ya pili, A zilikuwa 47.

Siyo kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Wengine walichungulia kadi ya jirani kwanza. Dawa yake ni mwalimu kuhesabu "moja, mbili, tatu" ndipo kadi zote ziende juu kwa mpigo mmoja. Na yeyote aliyekosea asichekwe. Akichekwa leo, kesho ataonyesha jibu la rafiki yake, na mwalimu atarudi kule kule kwa "Ndiyooo".

Nyamaza kidogo, mwalimu

Kuna chombo kingine kisicholipiwa, nacho ni kimya. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aligundua kuwa walimu wakishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujibu wenyewe. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijaribu, na waliokosa jibu walipungua.

Hebu jaribu kesho. Uliza, kisha hesabu moyoni hadi tano. Utaona ni muda mrefu ajabu! Lakini ndio muda ambao mtoto mzito wa kusema anauhitaji.

Simu moja yatosha kuanzia

Wengine watasema, "Sisi hatuna kompyuta." Wakumbuke Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2019. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Alikuwa akienda saiba, anapakua mafunzo, kisha anayatumia darasani bila mtandao.

Nawe mwalimu mwenye simu moja unaweza kufanya haya:

Pakua somo ukiwa mahali penye mtandao, ulisikilize lote kwanza. Darasani, liunganishe na spika ndogo ili wa nyuma wasikie.

Usiliache liende hadi mwisho. Lisimamishe kila baada ya dakika mbili tatu, uulize "Sasa nini kitafuata?" na kadi ziende juu.

Warekodi watoto wakisoma kifungu kwa zamu, kisha wasikilizane. Mtoto akijisikia mwenyewe anajirekebisha bila kuchapwa wala kukaripiwa.

Lakini angalia: picha na sauti za watoto zisisambazwe kwenye makundi ya simu. Ni za darasa, ziishie darasani.

Kamati ijiulize nini?

Hatusemi projekta na vishikwambi ni vibaya. Vina kazi yake, hasa kuonyesha yale yasiyoonekana kijijini, kama moyo unavyopiga au meli inavyopakuliwa bandarini. Lakini kabla ya kutoa pesa za wazazi, tunaomba kamati ijiulize maswali manne. Mtoto atafanya nini na kifaa hiki, au atakitazama tu? Umeme ukipotea, somo litaendeleaje? Kikiharibika, nani atakitengeneza na kwa pesa gani? Na je, mwalimu mwenyewe amefundishwa kukitumia, ama kitafungiwa kabatini kwa kuogopwa?

Mwalimu wetu aliyapeleka maswali hayo kwenye mkutano wa wazazi. Walibishana hadi jioni. Mwishowe wakakubaliana kununua spika ya kutumia betri na memori kadi, na pesa zilizobaki zikawekwa benki hadi muhula ujao, projekta ijadiliwe upya. Mzee mmoja alinung'unika kwamba shule jirani tayari ina projekta. Mama mmoja akamjibu: "Baba, mimi nataka mtoto wangu aongee kwanza. Picha atazitazama baadaye."

Basi, mwalimu mwenzetu, usingoje msaada kutoka mbali. Kesho asubuhi waambie watoto walete katoni. Uliza swali moja zuri, nyamaza, kisha hesabu kadi. Huenda ukashtuka kwa utakayoyaona, kama tulivyoshtuka sisi. Afadhali kushtuka sasa kuliko kungoja siku ya mtihani.

Ukijaribu, tuandikie utuambie ulipofaulu na ulipokwama, ili na wengine wajifunze kutoka kwako.