Jani Hupataje Umbo Lake?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu aliyekulia shamba huutambua mti kwa jani lake. Jani la mwembe ni refu na ukingo wake haukukatika. La muhogo lina vidole kama mkono. Na la mkwaju ni vijani vingi vidogo vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja. Tumezizoea tofauti hizi hata hatuulizi ni nani anayelichonga jani. Lakini wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Yafaa kwanza tujue kwamba kila jani huanza likiwa kivimbe kidogo sana kando ya ncha ya shina. Ncha hiyo imejaa seli changa ambazo bado hazijapewa kazi maalumu. Ndani ya kila seli mna jeni, yaani maagizo ambayo mmea umeyarithi kwa wazazi wake. Jeni nyingi hufanya kazi za kawaida, kama kusaidia kutengeneza rangi ya kijani. Lakini ziko nyingine ambazo kazi yake ni kuziamsha na kuzinyamazisha jeni wenzake. Tuziite jeni za uongozi. Mfano wake ni kiranja apigaye kengele: yeye hapiki wala hafundishi, lakini kengele ikilia mahali pasipo pake au saa isiyo yake, shule nzima huvurugika.

Natuanze na mahindi. Iko jeni iitwayo Knotted1, ambayo wataalamu wa Marekani waliieleza mwaka 1991. Kazi yake ni kuzifanya seli za ncha ziendelee kuwa changa. Mahali jani linapotaka kuchipuka, jeni hiyo hunyamaza. Katika mahindi ya namna fulani haikunyamaza, bali iliamka ndani ya jani, na jani likaota vinundu kwenye mishipa yake. Katika mnyanya, jeni za ukoo huo huamka tena ndani ya jani changa, na hiyo ni sababu moja ya jani lake kugawanyika. Mwaka 1996 ilielezwa kwamba mnyanya uliotiwa jeni hiyo ya mahindi ulitoa majani yenye mamia ya vijani.

Jeni nyingine huamuru ukuaji usimame. Mwaka 2014 ilibainika kwamba katika mmea mdogo uitwao Cardamine hirsuta, iko jeni inayozuia ukuaji katika sehemu za ukingo wa jani, na kwa hiyo jani hugawanyika. Ndugu yake, Arabidopsis, alipoteza jeni hiyo katika vizazi vya kale, naye ana jani zima.

Je, mambo haya yanamfaa nini mkulima? Tazama pamba. Pamba ya kawaida ina jani pana, lakini iko aina nyingine ambayo jani lake limekatwa sana kama la bamia. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba tofauti hiyo hutokana na jeni moja ya ukoo uleule. Katika pamba ya jani pana, jeni hiyo imepungukiwa na herufi 8 tu za DNA, nayo haifanyi kazi yake sawasawa. Walipoinyamazisha katika pamba ya jani la bamia, majani mapya yalitoka mapana. Jani lililokatika hupitisha hewa na mwanga hadi chini, na vitumba havioziozi ovyo wakati wa unyevu. Lakini jani hilo lina eneo dogo la kunasa jua, kwa hiyo mchaguzi wa mbegu hana budi kupima faida na hasara.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa zamu ya shamba wawe na subira. Si kila jani geni ni la kung'olewa, wala si kila jani geni ni la kuhifadhiwa. Muhogo wenye majani yaliyokunjamana na kuwa na mabaka ya manjano huenda una batobato. Huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Mmea huo ung'olewe, wala usitoe kipando. Lakini ukiona mmea mmoja wenye afya, majani yake yote yana umbo jipya, na jirani zake hawakupatwa na lolote, utie alama, utunze mbegu zake na kuzipanda peke yake msimu ujao. Watoto wake wakitoka na umbo hilohilo, umepata jambo la kumwonyesha mwalimu wa kilimo.

Basi, jani si picha iliyochorwa tayari ndani ya mbegu. Ni kazi ya amri nyingi ndogo: hapa kua, hapa simama. Amri moja ikibadilika, umbo zima hubadilika. Kabla ya kuinua jembe, tulisome jani kwanza.