Dhana potofu kuhusu maombi ya msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu nchini Tanzania

Dhana potofu kuhusu maombi ya msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu ni imani zisizo sahihi zinazowafanya watu wenye stahili wachelewe kuomba, waombe mahali pasipohusika, au wasiombe kabisa. Nchini Tanzania nyingi zinatokana na jambo moja: watu husema "hela za walemavu" kana kwamba ni fungu moja lenye fomu moja. Kwa kweli kuna ruzuku, mkopo, mafao na fidia, na kila kimoja kina sheria yake, ofisi yake na kipimo chake. Makala hii inatumia mifano ya Newala na Masasi katika Mkoa wa Mtwara, lakini taratibu zinazoelezwa ni za Tanzania Bara yote.

Pensheni ya ulemavu

Tanzania Bara haina pensheni inayolipwa kwa kila mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, inahusu elimu, afya, ajira, kufikika kwa majengo na kutobaguliwa. Kwa mfano, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria hiyo haimpangii mtu posho ya kila mwezi.

Mkanganyiko huo unaeleweka. Kenya ilianza mwaka 2011 kutoa fedha kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa, na Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016. Hata hivyo Pensheni Jamii ni ya wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, si ya ulemavu.

Ruzuku ya TASAF

Njia inayojulikana zaidi vijijini ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu wa kata kama Makote, huko Newala, hupanda bodaboda hadi mjini na barua ya daktari, akidhani barua hiyo ndiyo ombi. Lakini mpango huo haukuanza na ombi la mtu mmoja mmoja, wala kipimo chake cha kwanza si ulemavu. Kinachopimwa ni umaskini wa kaya. Majina ya kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kaya zilizotajwa huhojiwa kwa dodoso, majibu huchambuliwa, kisha orodha hurudishwa mkutanoni ili wananchi waikubali au waipinge. Ulemavu wa mwanakaya huzingatiwa baada ya hapo, katika kupanga kiwango cha ruzuku, na kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haidaiwi kushiriki kazi za ajira za muda.

Kwa hiyo mtu mwenye ulemavu anayeishi kwenye kaya yenye uwezo anaweza kuachwa bila mtu yeyote kumwonea. Kwa upande mwingine, kaya maskini inaweza kukosa kwa sababu ndogo sana: siku ya mkutano hakuna aliyeitaja. Asiyeweza kutembea, au kiziwi asiye na mkalimani, ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutokuwepo. Ndugu au jirani anaweza kumtaja, na hakuna ada ya kuandikishwa. Anayedai "hela ya fomu" anatapeli.

Kuna pia wanaoamini kwamba aliyehesabiwa kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kama mtu mwenye ulemavu ameshaandikishwa kupata msaada. Sivyo. Taarifa za mtu binafsi kwenye sensa ni siri kisheria na hutumika kwa takwimu tu. Sensa hiyo iliuliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, jambo linalosaidia kuondoa dhana nyingine: kwamba ulemavu ni ule unaoonekana kwa macho tu.

Mkopo wa asilimia 2

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliwekwa katika sheria mwaka 2018. Mikopo haina riba, na pengine kwa sababu hiyo wengi huichukulia kama zawadi. Ni deni, na lazima lirejeshwe.

Dhana ya pili ni kwamba asilimia 2 inatoka kwenye bajeti nzima ya halmashauri. Inatoka kwenye mapato ya ndani pekee, na huko Newala na Masasi sehemu kubwa ya mapato hayo ni ushuru wa korosho. Msimu ukiwa mbaya, fungu la mikopo nalo hupungua, hata kama waombaji ni walewale.

Serikali ilisimamisha mikopo hii mwaka 2023 na kuirejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10, ikiwemo Halmashauri ya Mji wa Newala, zilichaguliwa kuitoa kupitia benki kwa majaribio. Ndiyo maana maelezo aliyopewa mtu wa Masasi huenda yasimfae jirani yake wa Newala. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mafao na fidia

Mafao ya ulemavu ya NSSF au PSSSF hulipwa kwa mwanachama aliyechangia, si kwa kila raia. Kwa NSSF, mwanachama huwa amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na bodi ya madaktari ndiyo inayothibitisha. Mkulima naye anaweza kujiunga kwa hiari, lakini kabla ya kuumia.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huhusu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwajiri ndiye anayechangia, hivyo mfanyakazi hapaswi kukatwa mshahara. Mwajiriwa wa kiwanda cha kubangua korosho aliyekatwa vidole na mashine anahusika. Mwenye shamba aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho wake mwenyewe hahusiki, hata kama jeraha lake ni kubwa zaidi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Ajali isiyoripotiwa mapema ni ngumu kuithibitisha.

Wanafunzi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa kipaumbele kwa mwombaji mwenye ulemavu au mwenye mzazi wa namna hiyo. Hapa, tofauti na TASAF, uthibitisho wa daktari unahitajika: fomu huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Huu pia ni mkopo.