Meza na Saa: Istilahi za Maakuli katika Meli za Watalii

Miongoni mwa barua zinazotufikia kuomba istilahi, moja ilitoka kwa mwalimu wa chuo cha mafunzo ya hoteli, ambacho baadhi ya wanafunzi wake hutarajia kuajiriwa katika meli za watalii. Aliambatisha karatasi ya mafunzo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yenye sentensi hii: "Katika viti wazi abiria huketi popote apendapo, wakati wowote." Mwalimu aliuliza kama "viti wazi" ni istilahi sahihi. Tulipoichunguza tuliona kwamba kosa halikuwa la maneno hayo mawili tu. Sentensi nzima ilieleza jambo ambalo, katika meli nyingi kubwa, halipo.

Kwanza, kiti kilicho wazi kwa Kiswahili ni kiti kisicho na mtu. Mwanafunzi ataamini kwamba abiria hujichagulia kiti kama mtu aingiaye katika daladala, na kwamba kazi yake yeye mhudumu ni kungoja aitwe. Yote mawili si kweli, na la pili laweza kumdhuru mtu, kama tutakavyoonyesha. Kwa hiyo kabla ya kupendekeza neno hatuna budi kueleza mambo yenyewe yaendavyo.

Bwalo la meli kubwa aghalabu halitoshi kuwaketisha abiria wote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, katika utaratibu wa zamani, abiria hugawanywa makundi mawili wakati wa chakula cha jioni: la kwanza hula yapata saa kumi na mbili jioni, na la pili yapata saa mbili na robo au na nusu usiku. Kila abiria hupewa meza mwanzoni mwa safari, na meza hiyo ni yake mpaka siku ya kushuka. Wenzake wa mezani ni walewale, na mhudumu ni yuleyule. Haupiti muda mhudumu huyo akawa anajua nani hanywi kahawa usiku na nani akila karanga hudhurika. Hata maonyesho ya ukumbini hufuata mpango huo: kundi moja likiwa mezani, jingine huwa linatazama onyesho, kisha hubadilishana. Jikoni nako wapishi wanajua kwamba watapakua kwa wingi mara mbili, na kwamba katikati watapata nafasi ya kupumua.

Makundi haya tuyaiteje? Karatasi tuliyoletewa iliyaita "zamu ya kwanza" na "zamu ya pili". Zamu ni neno zuri, lakini ni la mtu wa kazi: mlinzi ana zamu, muuguzi ana zamu. Mhudumu mmoja wa melini huwahudumia wale wa kwanza na wale wa pili katika zamu yake moja. Tukisema "zamu ya pili", haijulikani tunamsema anayekula au anayeandika meza. Twapendekeza *mkupuo*. Katika karamu za pwani, watu wakiwa wengi kuliko majamvi, huliwa kwa mikupuo: hawa wakisha kunawa huondoka, wengine wakaketi. Neno limo tayari katika lugha, na maana yake haihitaji kunyooshwa sana.

Sasa tuje kwenye utaratibu mpya. Meli ndogo za abiria wenye ukwasi zilikuwa na ukaaji usiopangwa tangu zamani, kwa kuwa bwalo lao huwatosha abiria wote. Kwa meli kubwa, kampuni ya Norwegian Cruise Line ndiyo iliyoufanya kuwa utaratibu wake mkuu, mwaka 2000, na kampuni nyingine kubwa zikafuata kwa namna zao, nyingi zikiacha mikupuo ibaki kwa wale waipendao. Abiria hufika bwaloni saa aitakayo katika muda uliowekwa, lakini hajiendei mezani. Mlangoni yupo mkaribishaji, mwenye ramani ya meza zote na habari za kila mhudumu ana watu wangapi. Yeye ndiye aamuaye. Humwuliza abiria kama ataketi peke yake au yu radhi kuchanganywa na wengine, kisha humpeleka, au humwambia angoje. Wengi hupenda kula baina ya saa moja na saa mbili usiku, na hapo ndipo msongamano huwa mkubwa. Baadhi ya meli humpa anayengoja kidude cha kumwashiria meza ikipatikana, na siku hizi wapo wanaowekesha nafasi kwa simu.

Msomaji aliyekulia Unguja au Lamu atatambua jambo hili upesi. Katika karamu ya harusi hakuna mwenye sinia lake, wala hakuna ajichaguliaye sinia. Wenyeji husimama wakielekeza, "Hapa pana nafasi ya mmoja, karibu," mpaka sinia likamilike. Uhuru upo, lakini mwenye shughuli ndiye auendeshaye.

Tumeona basi kwamba Kiingereza kimefunga mambo mawili katika neno moja: meza na saa. Mambo haya hayafuatani daima, na mfano mzuri ni meli Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004. Katika bwalo lake kuu, liitwalo Britannia, abiria walikula kwa mikupuo miwili, kila mtu na meza yake. Lakini abiria wa vyumba vya bei ya juu walikuwa na mabwalo yao madogo, na humo kila mmoja alikuwa na meza yake maalumu ila alifika saa aipendayo. Meza imefungwa, saa imefunguliwa. Kinyume chake hupatikana katika meli ndogo za uvumbuzi, zile ziendazo mahali kama Antaktika: wote huitwa kula saa moja, lakini kila mtu huketi na amtakaye. Istilahi isemayo "wazi" au "huru" bila kutaja ni kipi kilicho huru itaziunganisha meli hizi mbili kana kwamba ni mamoja.

Kwa hiyo tumeona bora kila jambo lipewe neno lake. Saa ama ni *saa maalumu*, ama ni *saa za hiari*. Meza ama ni *meza maalumu*, ama ni *meza huria*. Utaratibu wa meli kubwa tulioueleza utaitwa "mlo wa meza huria na saa za hiari". Ni refu, twakiri, lakini mwanafunzi halikosei. Wako waliotupinga katika neno huria, wakidai kwamba halifai mahali penye msimamizi. Twawajibu kwamba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina masharti ya kujiunga, wala hakuna aliyedhani kwamba mtu huingia darasani apendavyo.

Kuhusu *bwalo* tulipata upinzani wa namna nyingine. Mwenzetu mmoja alisema neno hilo lanukia maharage ya shule ya bweni. Huenda ni kweli, lakini harufu hiyo si sehemu ya maana. Neno *mkahawa* tumeliwekea zile sehemu ndogo za melini ambamo abiria hulipa zaidi ya nauli yake.

Badiliko la meza liligusa pia mshahara. Zamani abiria, usiku wa mwisho, alimpa mhudumu wake bahasha. Abiria anayehudumiwa na watu sita katika usiku saba atampa nani? Kampuni zikaanza kuongeza kiasi fulani kwa kila siku katika hesabu ya abiria, kisha kikagawanywa kwa wafanyakazi. Karatasi ya mwalimu iliendelea kukiita "bakshishi". Bakshishi ni kitu cha ridhaa, kitokacho mkononi. Kinachoandikwa katika hesabu kabla mtu hajaulizwa ni *ada ya huduma*, na mfanyakazi asomaye mkataba wake anastahili kujua ni kipi anachoahidiwa.

Turudi kwenye lile la madhara. Kwenye meza maalumu, mhudumu humjua mwenye mzio wa karanga au wa samaki wa magamba. Kwenye meza huria, abiria yuleyule huenda akawa mgeni kwa mhudumu kila usiku, hata kama ofisi ya meli ina habari zake. Mhudumu aliyefundishwa kungoja aitwe hatauliza. Sentensi tuliyomrudishia mwalimu ni hii: "Katika mlo wa meza huria na saa za hiari, abiria hufika wakati autakao katika muda uliowekwa, akapelekwa mezani na mkaribishaji; mhudumu humwuliza habari za mzio kila mlo."

Kile kidude cha kungojea meza bado hakijapata jina. Wengine wamependekeza "kiitio", wengine "kengele ya mkononi", ijapokuwa vingine havilii bali hutetemeka. Maoni ya wasomaji, hasa waliowahi kufanya kazi melini, yatapokelewa.