Kukokotoa Ukuzaji wa Volteji Katika Amplifaya ya Transista: Mfano wa Mafundi wa Makadara

Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha yenye hadhi hiyo haina budi kueleza mambo ya karakana kama inavyoeleza mambo ya ushairi. Katika mitaa ya Makadara, Nairobi, kama vile Jericho, Maringo na Buruburu, fundi wa redio hufanya kazi na kuzungumza na wateja wake kwa Kiswahili, ilhali vitabu vya fizikia vya shule zetu ni vya Kiingereza. Kijana anayejifunza ufundi huo hujikuta njia panda. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba hesabu ya amplifaya yaweza kufuatwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Dhana ya ukuzaji

Mtu aweza kushawishika kuiita dhana hii "ongezeko". Neno hilo linapotosha. Haba na haba hujaza kibaba kwa kujumlisha, lakini amplifaya huzidisha. Ishara ya milivolti 20 ikiingia na kutoka ikiwa milivolti 94, ongezeko ni milivolti 74, ilhali ukuzaji ni 94 ÷ 20, yaani 4.7. Ukuzaji ni uwiano; kwa hivyo hauna kipimo.

Transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Mkondo mdogo wa beisi hutawala mkondo mkubwa upitao kati ya kolekta na emita. Nguvu ya ziada hutoka kwenye betri, wala haizuki yenyewe.

Hesabu yenyewe

Tuchukue betri ya volti 12. Rezista ya kiloomu 47 inaunganisha betri na beisi, na ya kiloomu 10 inaunganisha beisi na ardhi. Kolekta ina rezista ya kiloomu 4.7, na emita ina ya kiloomu 1.

1. Volteji ya beisi: 12 × 10 ÷ 57 = volti 2.1.
2. Volteji ya emita: 2.1 − 0.7 = volti 1.4, kwani transista ya silikoni hula takribani volti 0.7 kati ya beisi na emita.
3. Mkondo wa emita: 1.4 ÷ 1 = miliampia 1.4. Mkondo wa kolekta ni karibu sawa na huo.
4. Volteji ya kolekta: 12 − (1.4 × 4.7) = volti 5.4.
5. Ukuzaji: −(4.7 ÷ 1) = −4.7.

Hatua ya tano inatokana na ukweli kwamba mkondo ule ule hupita katika rezista zote mbili. Penye ukinzani mkubwa, badiliko la volteji huwa kubwa. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba volteji ya beisi ikipanda, ya kolekta hushuka.

Tamaa ya sauti kubwa

Kapasita kubwa ikiwekwa sambamba na rezista ya emita, ishara huikwepa rezista hiyo. Unabaki ukinzani wa ndani ya transista: milivolti 25 ÷ miliampia 1.4, takribani omu 18. Ukuzaji hupanda hadi 4,700 ÷ 18, karibu 260. Hata hivyo, ishara yenye kilele cha milivolti 20 ingehitaji kilele cha volti 5.2, ilhali kolekta haiwezi kushuka zaidi ya takribani volti 3.8 kutoka 5.4. Wimbi hukatwa, na sauti hukwaruza.

Hitimisho

Fundi anayeijua hesabu hii hatabadilisha spika nzima bure. Atachunguza kwanza ukuzaji na nafasi iliyopo ya volteji. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kutambua kwamba istilahi haipimwi kwa utamu wake pekee. Istilahi njema ni ile inayomfikisha mtumiaji kwenye jibu sahihi.